SOMO LA ORDINATERE: KUSOMA ORODHA YA PICHA ZA FAILI KWA MSTARI WA AMRI



Ukurasa wa masomo wa namba hii ni juu ya ordinatere, ambayo wengine wanaiita kompyuta. Usiruke ukurasa kwa kusema, "Mimi sijagusa hata kibodi." Somo hili linafuatwa kwa kalamu na daftari tu. Chukua vyote viwili, maana mazoezi yako mwishoni.

1. KWA NINI SOMO HILI

Sisi watu wa Bisie tunajua maana ya kuandika kitu kabla hakijaondoka. Tangu kassiteriti ilipoonekana hapa mwaka 2002, mifuko mingi ilishuka kwa mgongo wa watu kupitia pori, na miaka mingi hakuna aliyeweza kusema kwa hakika mfuko fulani ulitoka shimo gani, siku gani. Kuanzia tarehe 11 Septemba 2010 mpaka Machi 2011, serikali ilisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema. Katika miaka hiyo ya 2010 ukaja mpango wa ITSCI: mfuko unafungwa etiketi yenye namba, na namba ile inaandikwa katika regista pamoja na uzito na tarehe. Mtu akitaka kujua habari ya mfuko hafungui kamba wala kumwaga mawe. Anasoma regista.

Ordinatere nayo iko na mifuko yake iliyofungwa. Inaitwa picha za faili. Na iko na regista ya mifuko hiyo, ambayo inasomwa kwa kuandika mstari mmoja wa amri na kubonyeza Enter. Neno moja ndilo nataka libaki kichwani mwa kila msomaji: picha ambayo hakuna aliyesoma habari zake inaleta hasara mara mbili. Unaweza kuiharibu ile uliyoihitaji, na unaweza kubaki na ile uliyodhani imekwisha kuondoka.

2. PICHA YA FAILI NI NINI

Tuweke mfano. Shule moja inaandika pointi za wanafunzi katika mashine. Siku ya mwisho ya Desemba kabla ya likizo, msimamizi wa mashine anachukua picha. Je, mashine inanakili faili zote mara ya pili? Hapana. Ingekuwa hivyo diski ingejaa upesi.

Fikiri juu ya mwalimu ambaye hatumii gomu hata siku moja. Pointi ya mwanafunzi ikibadilika kutoka 11 kuwa 14, hafuti 11. Anaandika 14 kwenye ukurasa mpya, halafu katika ukurasa wa kwanza wa daftari, ule wa yaliyomo, anaelekeza: "Sasa tazama ukurasa wa 30." Ukurasa wa zamani ukikosa mtu wa kuuelekezea, unaweza kutumika tena kwa maandishi mengine. Sasa, kuchukua picha ni kuhifadhi ule ukurasa wa yaliyomo kama ulivyo leo. Kwa sababu yaliyomo ya leo bado yanaelekeza kwenye ile 11, ukurasa wa 11 hauruhusiwi kutumika tena. Basi picha inachukuliwa kwa sekunde moja, na mwanzoni haili nafasi karibu yoyote. Inaanza kula nafasi kadiri faili za mezani zinavyobadilika au kufutwa.

Mashine za NetApp zilikuwa na njia hii katika miaka ya 1990. Kampuni ya Sun ilitoa ZFS mwaka 2005, na Btrfs iliingia katika Linux mwaka 2009. Hapa tutasoma hasa ZFS, kwa sababu orodha yake iko wazi. Nyingine tutazigusa baadaye.

3. AMRI YA KWANZA: KUONA ORODHA

Katika mfano wetu, diski inaitwa hazina, na chumba cha pointi ndani yake kinaitwa hazina/pointi. Msimamizi anaandika:

zfs list -r -t snapshot -o name,used,refer,creation -s creation hazina/pointi

Usiogope urefu wake. Tuikate vipande kama tunavyokata sentensi katika somo la lugha. "zfs list" ni "nionyeshe orodha". "-r" ni "ingia mpaka ndani". "-t snapshot" ni "picha tu, si vitu vingine". "-o" inafuatwa na majina ya safu tunazotaka kuona. "-s creation" ni "panga kwa tarehe, ya zamani iwe juu". Mwisho ni jina la chumba.

Mashine inajibu:

NAME                    USED  REFER  CREATION
hazina/pointi@desemba    18M   410M  Fri Dec 20 16:05 2024
hazina/pointi@machi       0B   455M  Mon Mar 10 17:10 2025
hazina/pointi@machi-b     0B   455M  Mon Mar 10 17:25 2025
hazina/pointi@juni      2.1M   462M  Fri Jun 27 15:40 2025

Safu ya NAME ni jina. Kilicho mbele ya alama ya @ ni chumba, kilicho nyuma yake ni jina la picha. Safu ya CREATION ni siku na saa picha ilipochukuliwa. REFER ni ukubwa wa vitu vyote unavyoweza kuviona ukitazama kupitia picha ile. USED ni nafasi ambayo picha ile inaishikilia yenyewe peke yake, bila kushirikiana na mwingine.

Ona kwamba hatujafungua faili hata moja. Kusoma orodha hakuharibu kitu. Kwa hiyo mwanafunzi anayejifunza aanze na amri hii, asianze na zile za kufuta.

4. MTEGO WA SIFURI

Hapa ndipo watu wengi wanaanguka, basi tusome polepole.

Kosa la kwanza ni kujumlisha REFER. Fanya hesabu: 410 + 455 + 455 + 462 = 1782M. Mtu atapiga kelele kwamba picha zimekula karibu giga mbili. Si kweli. Picha hizi nne zinaelekeza kwenye kurasa zilezile, na ukurasa mmoja unahesabiwa mara nne.

Kosa la pili ni baya zaidi, ni kuamini sifuri. Tazama @machi na @machi-b. Zote mbili zinaonyesha 0B. Mtu anayetafuta nafasi atasema, "Hizi hazina kitu ndani, nazifuta zote mbili." Ngoja kwanza! Zilichukuliwa siku moja, zikiachana dakika 15, na katikati hakuna aliyebadilisha neno. Kila ukurasa ulioshikwa na ya kwanza umeshikwa pia na ya pili. Kwa hiyo hakuna hata moja inayoushika peke yake, na kila moja inapewa sifuri. Ni kama watu wawili wanaobeba mti mmoja begani. Ukiuliza kila mmoja, "Ukiondoka wewe peke yako, mti utaanguka?" kila mmoja atajibu hapana. Waondoe wote wawili uone.

Iko amri ya kuuliza kabla ya kutenda:

zfs destroy -nv hazina/pointi@machi%machi-b

Herufi n inasema "usifanye, jaribu tu kwa maneno", na v inasema "nieleze". Alama ya % ni "kutoka hii mpaka ile". Mashine inajibu:

would destroy hazina/pointi@machi
would destroy hazina/pointi@machi-b
would reclaim 37M

Maana yake: hizi mbili zingefutwa, na 37M zingerudi. Hizo 37M ni kazi ya Machi ambayo haipo mahali pengine popote katika mashine ile. Na ukifuta @machi peke yake, kisha ukasoma orodha tena, utakuta @machi-b imepanda kutoka 0B mpaka 37M. Mzigo haukuongezeka. Mbebaji mmoja ameondoka tu.

Ukitaka kujua picha zote kwa pamoja zinakula kiasi gani, usijumlishe USED kwa mkono. Uliza hivi:

zfs get usedbysnapshots hazina/pointi

Katika mfano wetu jibu ni 64M. Lakini jumla ya safu ya USED ni 18 + 0 + 0 + 2.1, yaani 20.1M tu. Tofauti ya hizi mbili ndiyo mali ya ushirika.

Ukiandika amri ya kufuta, chunga sana ile n isisahauliwe. Bila n, mashine haitakuuliza mara ya pili.

5. TAREHE NAYO INAWEZA KUDANGANYA

Safu ya CREATION inaandikwa kwa saa ya mashine yenyewe. Huku kwetu, ambako mashine nyingi zinategemea mwanga wa jua na jenereta, betri ndogo inayoshika saa inakufa na hakuna anayetambua. Mashine ikiwaka inarudi katika mwaka wa zamani, na picha ya leo inaandikwa kana kwamba ni ya miaka mingi iliyopita. Ukipanga kwa tarehe, picha mpya itakuwa ya kwanza juu, na mtu mwenye haraka ataifuta akidhani ni kuukuu.

Dawa ni mbili. Kabla ya kuchukua picha, andika amri "date" na ulinganishe na saa ya mkono. Na kama una mashaka na tarehe za zamani, panga kwa namba ya mfululizo ambayo haitegemei saa:

zfs list -r -t snapshot -o name,createtxg -s createtxg hazina/pointi

Namba ya createtxg inaongezeka daima katika diski ileile. Picha yenye namba ndogo ilichukuliwa mbele ya yenye namba kubwa, hata saa iseme nini.

6. KILICHOFUTWA BADO KIKO

Sasa tufike penye uzito. Tuseme katika chumba kilekile mtu aliandika faili wageni.txt. Ndani yake mna majina ya wanafunzi waliofika wakikimbia vita, vijiji walivyotoka, na nyumba wanazolala. Faili ya namna hii si mchezo. Ikishikwa na mkono usiofaa inaweza kuleta shida juu ya watu. Siku moja mwenye kuiandika anaifuta. Anatazama mezani, haiko. Analala usingizi mzuri.

Lakini mashine yetu haina gomu. Msimamizi akiandika:

zfs diff hazina/pointi@machi hazina/pointi

mashine inaeleza tofauti kati ya picha ya Machi na hali ya leo:

M    /hazina/pointi/
M    /hazina/pointi/mwaka-wa-nne.ods
-    /hazina/pointi/wageni.txt
+    /hazina/pointi/ripoti-juni.ods

Alama ya M ni kilichobadilika, + ni kilichoongezwa, na - ni kilichoondolewa. R ingekuwa kilichopewa jina jipya. Ile alama ya kutoa haisemi kwamba wageni.txt imepotea duniani. Inasema kwamba leo haiko mezani, na katika picha ya Machi iko. Tena inasomeka kabisa:

ls -d /hazina/pointi/.zfs/snapshot/*/wageni.txt

Amri hii inataja kila picha ambayo bado inaishika. Neno .zfs linaanza na nukta, na kwa kawaida linafichwa, lakini kufichwa si kufungwa kwa kufuli.

Basi tufanye nini? Tukifuta picha zote zenye majina, tunafuta pamoja nazo pointi za Machi ambazo huenda finalisti atazihitaji siku faili yake ya Examen d'Etat itakapokuwa na mashaka. Tukiziacha, majina ya watu yanabaki. Hakuna amri ya kutoa faili moja ndani ya picha, maana picha haibadilishwi. Tena hata baada ya kufuta picha, maandishi yanaweza kubaki juu ya diski mpaka yaandikwe mengine juu yake.

Kwa hiyo dawa iko mwanzoni. Majina yenye hatari yasiwekwe katika chumba kimoja na pointi. Yapewe chumba chao, kwa mfano hazina/majina, kilichofungwa kwa neno la siri tangu siku kinapoundwa. Picha ya hazina/pointi haigusi hazina/majina, kwa sababu kila chumba kinapigwa picha yake. Lakini mtu akipiga picha ya hazina yote kwa "-r", vyumba vyote vinaingia. Ndiyo sababu orodha isomwe kila mara: tujue nini kinashikwa, na wapi.

7. MASHINE ZA NAMNA NYINGINE

Si kila mashine iko na ZFS. Kwa Btrfs, msimamizi anaandika:

btrfs subvolume list -s /data

Herufi s inaonyesha picha tu, pamoja na saa zilipochukuliwa. Kwa kujua nafasi, "btrfs filesystem du -s" ikifuatwa na njia ya picha inaonyesha safu ya Exclusive, ambayo ni mali ya peke yake, kama USED ya hapo juu. Mtego wa sifuri uko huko pia.

Kwa mashine za Linux zenye LVM, amri ni "lvs". Tazama safu ya Data%. Picha ya LVM ya namna ya zamani inapewa nafasi yenye mpaka. Ikifika 100 inaharibika na haisomeki tena. Hapo kuisoma orodha kila siku si mapambo.

Kwa Windows, fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, uandike "vssadmin list shadows". Kwa mashine za Apple, andika "tmutil listlocalsnapshots /". Maneno yanabadilika, lakini maswali ni yaleyale matatu: ilichukuliwa lini, inashika nini, na inashirikiana na nani.

8. PICHA HAITEMBEI PEKE YAKE

Mwezi wa Machi 2025 tulijifunza sote jinsi mahali panavyoweza kuachwa kwa siku moja. Tarehe 13 Machi kampuni ya Alphamin, ambayo mgodi wake wa Bisie ulikuwa katika kazi ya biashara tangu 2019, ilitangaza kusimamisha uchimbaji, na siku chache baadaye M23 waliingia Walikale-centre. Mwezi wa Aprili waliondoka, na kampuni ikatangaza kurudi kazini kwa hatua. Katika siku kama hizo mtu hubeba mtoto, nguo na sufuria. Nani atabeba ordinatere nzima?

Picha zote nne za mfano wetu ziko ndani ya diski moja. Diski ikiibiwa, ikiungua au ikinyeshewa, picha zinakwenda nayo. Orodha ndefu yenye kupendeza si ulinzi kama yote iko katika mfuko mmoja. Inatakiwa diski ndogo ya pili, tuiite mkoba, ambayo mtu anaweza kuitia ndani ya nguo:

zfs send hazina/pointi@juni | zfs receive mkoba/pointi

Halafu usiamini tu, soma:

zfs get guid hazina/pointi@juni mkoba/pointi@juni

Mashine inatoa namba ndefu mbili. Zikiwa sawa, picha iliyo katika mkoba ni ileile iliyotoka hazina. Zikitofautiana, hata kama majina yanafanana, uko na kitu kingine. Mnaona? Ndiyo etiketi ya mfuko. Jina mtu yeyote anaweza kuandika, lakini namba ya etiketi inafuatwa kutoka shimo mpaka kituo cha kununua.

9. MAZOEZI

Jibu katika daftari, kisha mlinganishe wawili wawili.

(a) Kwa nini picha mpya kabisa inaonyesha USED ndogo sana, hata kama REFER yake ni kubwa?

(b) Picha tatu zinaonyesha 0B kila moja. Je, unaweza kusema bila kuuliza mashine kwamba kuzifuta zote tatu hakutapoteza kitu? Eleza kwa mfano wako mwenyewe, si ule wa mti.

(c) Andika amri ya kuuliza, bila kutenda, nafasi ingerudi kiasi gani kama @desemba ingefutwa. Pigia mstari ile herufi inayokuokoa.

(d) Orodha inaonyesha picha ya mwaka 1970, lakini shule ilinunua mashine mwaka 2021. Nini kilitokea? Utapanga kwa safu gani?

(e) Kwa wale wa mwaka wa nne: shule inataka kuhifadhi pointi kwa miaka kumi, lakini majina ya wageni kwa mwezi mmoja tu. Chora vyumba utakavyovitengeneza, na useme ni kipi kitapigwa picha na kipi hapana.

Wadogo zangu wa mwaka wa saba na wa nane wakishindwa na zoezi la (b), wasione haya kumwendea mkubwa. Anayejua na amsaidie asiyejua, bila kumcheka. Majibu mazuri yaletwe kwa kamati ya wanafunzi kabla ya namba ijayo kupigwa.

Nawatakia kazi njema ya masomo.

Kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa nne wa humanite